Mikono ya Somo

Jumatatu, 30 Septemba

Leo kliniki ya ngozi Masasi, Dokta Bonifasi kanipa daftari hili la shule na kunipa kazi ya shule. Kila siku niandike mwanga wa leza umepigwa wapi, wekundu umekaa saa ngapi, malengelenge yapo au hayapo. Ukurasa wa mbele kachora mistari kwa rula, na mimi nimejaza. Jina: Doto, Mama Tahiri, wa Newala. Sehemu: ukope wa kulia, pembe ya mdomo, mikono yote miwili toka vidole hadi kifundo. Mtu wa karibu: Kurwa, pacha wangu.

"Andika chochote kinachohusu ngozi yako," kaniambia.

Ngozi yangu inahusu kila kitu, Dokta. Utajuta.

Mbalanga ilinianza miaka mitatu iliyopita, doa moja jeupe kwenye kidole cha shahada, nikadhani chokaa. Sasa mikono yangu ni ramani. Zamani watu wa Newala walikuwa wakimsimamisha Kurwa sokoni wakimdai maneno niliyoyasema mimi, maana sura yetu ni moja. Siku hizi hatukosewi tena. Kurwa uso wake umetulia vilevile, mimi nimepakwa rangi nusu nikaachwa.

Haraka yangu ya nini, kaniuliza. Nimemweleza. Shakila, binti wa Kurwa, kamaliza darasa la saba mwezi huu, na Desemba anaingia unyagoni. Kwetu mama hamfundishi mwanawe, anatafutiwa somo. Somo ndiye anayemwogesha mwali, anayemlisha kwa mkono wake, na siku ya kutoka ndiye anayemshika mkono mbele ya watu wote. Siku Shakila alipozaliwa, Kurwa alimweka mapajani mwangu kabla baba yake hajamwona, akasema, "Somo wake ndiye huyu." Miaka kumi na mitatu nimelisubiri neno hilo. Na mwaka huu nimeanza kusikia mnong'ono kwamba mwali hashikwi na mikono yenye dosari.

Dokta kasikiliza, kisha kasema mikono ndiyo migumu kuliko sehemu zote, uso huwa unaitika mapema, na watu wengine huhitaji miezi mingi. Nikamwambia mimi nina miezi miwili na nusu. Kacheka. Sikucheka.

Mashine yenyewe ni kama jokofu dogo, ina mkono mrefu kama bomba la kupulizia salfa kwenye mikorosho. Nesi Upendo kanivika miwani myeusi, Dokta kaugusisha mkono wa mashine kwenye baka. Tik. Tik. Tik. Haiumi. Haifiki hata dakika nne. Nimetoka nyumbani alfajiri, nimeshuka uwanda wote wa Makonde, kwa ajili ya dakika nne.

Jumanne, 1 Oktoba

Wekundu: ukopeni umekaa saa kumi. Mikononi hakuna kitu.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mara ya pili. Dokta kaongeza nguvu ya mwanga kwa mikono. Nimemuuliza asiongeze mara tatu tukamaliza mapema. Kasema ataniunguza. Mtu mwenye tahadhari namna hii angefaa kubeba mayai.

Ijumaa, 4 Oktoba

Korosho zimeanza kudondoka kwa wingi. Mahmudu, mume wangu, ni mtu wa maneno kumi kwa siku, na leo matano kati ya hayo yalikuwa: "Jumatatu na Alhamisi, nani ataokota?" Nimemjibu ataokota mwenye mikono mizuri. Kaondoka na kapu lake.

Jumatatu, 7 Oktoba

Umeme hakuna. Nimekaa kwenye benchi la kliniki toka saa tatu hadi saa tisa, nikitazama majabali ya Masasi mpaka nikayachukia. Jenereta ipo, lakini Upendo kasema haitoshi kuiendesha leza, inatosha taa na friji ya dawa. Kwa hiyo chanjo za watoto ziko salama na mimi nimerudi na mabaka yangu. Sawa, chanjo zina haki. Lakini nimekasirika.

Jumamosi, 12 Oktoba

Juzi nilipigwa mwanga, wekundu wa mikono saa mbili tu.

Leo tumeokota shamba la Kurwa. Shakila kavaa sweta la shule kwenye jua hili, shule yenyewe kaimaliza. Nikamtania, "We mwanangu, unasubiri theluji?" Hakucheka. Baadaye tukiwa tunatenga korosho na mabibo, kaniuliza, "Mama mdogo, lile la kwanza kabisa lilikuwa kubwa kiasi gani? Liliwasha?"

Nilikuwa nimechoka, nimetoka kuulizwa hayo hayo na mwenye duka. Nikamjibu, "Kamuulize mama yako, yeye ndiye anayenitazama kutwa." Kaendelea kutenga.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimefika Masasi, kliniki imefungwa. Sikukuu ya kitaifa. Nchi nzima ilijua isipokuwa mimi. Mlinzi kanipa pole na kiti. Nimekataa vyote viwili.

Jumapili, 20 Oktoba

Hili linauma, nitaliandika lote.

Leo nimekwenda kwa Kurwa kupeleka unga. Shakila alikuwa uani anachota maji pipani. Nikamshika mkono juu kidogo ya kiwiko, kama nilivyomshika maisha yake yote, nimpokee ndoo. Kauvuta mkono kama kaguswa na kaa la moto. Ndoo ikaanguka. Akanitazama, machozi yamemjaa, akakimbilia ndani.

Maji kwetu si ya kumwaga, lakini hakuna aliyeyatazama. Kurwa alikuwa mlangoni na aliona yote. Nikamwambia, "Mwanao kanionea kinyaa."

Kasema, "Hapana, Doto."

"Basi ni nini?"

Kakaa kimya. Kurwa akikaa kimya ujue kuna kitu anakijua. Nimelala naye tumbo moja, hanidanganyi kwa ukimya. Nikaacha unga chini nikaondoka, na barabara nzima nimerudi nikilia, na walioniona waliniona.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mara ya sita. Wekundu mikononi saa tano. Ngozi haijali.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mama Hamidu, jirani yetu muuza kanga, kapita kuniuliza habari za leza. Kaniangalia mikono kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Halafu kasema, "Mungu atasaidia, Mama Tahiri." Watu wakishaanza kukukabidhi kwa Mungu hivyo, ujue wao wamekwisha kujitoa.

Jumatatu, 4 Novemba

Vidoti!

Upendo ndiye aliyeviona. Kaleta kioo, kanionyesha ukopeni: vidoti vitano vyeusi, vidogo kama mbegu za ufuta, kila kimoja penye kinyweleo. Dokta kasema hivyo ndivyo rangi inavyorudi, inaanza kwenye mizizi ya vinyweleo kisha inatambaa. Nimembusu Upendo shavuni. Nimetaka kumbusu na Dokta, nikakumbuka ni mwanamume na daftari hili atalisoma.

Nikanyoosha mikono. Kaipekua kidole kwa kidole. Hakuna hata kimoja. Kasema, "Vidole havina vinyweleo vya kutosha, Mama Tahiri. Nilikwambia toka mwanzo."

Aliniambia, kweli. Lakini mwali haogeshwi kwa ukope.

Alhamisi, 7 Novemba

Mashine imekufa. Taa ya ndani imeisha nguvu, kipuri kinatoka Dar es Salaam, na huko Dar kinatoka nchi nyingine. "Wiki mbili," kasema Upendo, akiangalia sakafu. Wiki mbili za mtu anayeangalia sakafu ni nne.

Jumapili, 10 Novemba

Kurwa kaja nyumbani, mara ya kwanza tangu siku ya ndoo. Kaeleza kwamba nyakanga, yule bibi mkuu wa unyago, atapokea majina ya masomo wa waali wote Jumapili ya tarehe ishirini na nne. Nikamuuliza jina la somo wa Shakila ni nani. Kasema, "Tusubiri siku hiyo."

"Tusubiri nini? Jina langu lina miaka kumi na mitatu."

"Doto, tusubiri."

Nimefungua ukurasa wa mbele nikafuta jina lake pale kwenye mtu wa karibu. Nimefuta kwa kalamu, mistari miwili.

Jumatano, 13 Novemba

Mashine bado. Nimepiga simu mara tatu. Zimebaki siku kumi na moja.

Ijumaa, 15 Novemba

Dokta, ukifika hapa usinipigie kelele. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Asubuhi nilikuwa nabangua korosho za kula, nimejipaka majivu viganjani kama tunavyofanya ili mafuta ya ganda yasituchome. Tahiri, mwanangu, kaja kunywa uji. Kwenye mkono wake kuna jina lake kwa herufi nyeusi. Aliliandika akiwa darasa la tano kwa mafuta ya ganda la korosho, kama wanavyofanya watoto wote wa hapa, na nilimchapa kwa ajili hiyo. Miaka sita, halijafutika. Nikakumbuka na bibi yangu mzaa mama, chale zake za mashavuni, jinsi zilivyobaki nyeusi mpaka tunamzika.

Nikajiambia: kumbe weusi upo hapa hapa uani kwangu, na mimi nahangaika kuufuata Masasi.

Nilisubiri Tahiri na baba yake waende shambani. Nikanawa majivu. Nikapasua maganda mabichi kumi na mawili, nikakamua mafuta kwenye kifuniko cha chupa, nikapaka kwa unyoya wa kuku juu ya kila baka la mkono wa kulia. Halafu wa kushoto. Mwanzo palikuwa na joto tu. Nikafurahi. Palikuwa panageuka kahawia mbele ya macho yangu, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Kufikia adhuhuri nilikuwa nimeizamisha mikono kwenye ndoo na kuuma kanga nisipige kelele.

Jumamosi, 16 Novemba

Malengelenge: mikono yote. Umesema tuandike kama yapo au hayapo. Yapo.

Mahmudu ndiye aliyeiandika sentensi hiyo ya juu, na hii. Siwezi kushika kalamu. Namtajia naye anaandika. Kaniuliza aandike pia kwamba anasikitika. Mwache aandike.

Jumatatu, 18 Novemba

Mahmudu kaacha korosho chini ya miti kanileta Masasi mwenyewe. Njia nzima, kila tuliposhuka, alinifungulia mlango.

Dokta Bonifasi kaiangalia mikono akavua miwani yake. Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Kasema taratibu, "Ngozi yenye mbalanga ukiijeruhi, mara nyingi inajibu kwa kuacha rangi na pale palipokuwa pazima. Weusi ule wa mafuta ni kuungua, si rangi. Ukibanduka, chini yake huenda pakawa peupe kuliko mwanzo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia usijikune, usijichune, usipake dawa za mitaani. Sikufikiria ganda la korosho. Mimi natoka Iringa."

Upendo, ambaye ni wa Lukuledi na kazaliwa chini ya mkorosho, kainama kwa aibu kama kosa ni lake. Kanifunga bandeji, kaniachia ncha za vidole viwili za kushikia kalamu. Mikono haitapigwa mwanga tena mpaka ipone, mashine ikirudi au isirudi.

Jumapili, 24 Novemba

Nimekwenda na bandeji zangu. Masomo walikaa mkekani kwa nyakanga, mimi nikakaa ukingoni. Yakatajwa majina. Ilipofika kwa Shakila, Kurwa akainama akasema, "Mama Hamidu."

Nilisimama. Sikumbuki kila nilichosema na sehemu nyingine sitaki Dokta aisome. Nilimwambia Kurwa kwamba tulichangia tumbo lakini hatukuchangia moyo. Nilimwambia angeniambia usoni Septemba, nisingekwenda kuchomwa mianga na kujichoma mwenyewe. Nikamuuliza mbele ya wote, "Nani kanikataa?"

"Mimi," kasema Kurwa. "Ni mimi. Nimeamua mwenyewe."

Nyakanga kainua mkono. "Ntoto wa kike anaingia na ntu mmoja, anatoka na ntu huyo huyo. Limesemwa. Kaeni."

Sikukaa.

Jumatatu, 25 Novemba

Sina la kuandika. La kuvunda halina ubani.

Alhamisi, 28 Novemba

Mashine imepona. Sikwenda. Mahmudu kaniambia, "Nenda ukatibu uso, uso ni wako, si wa Kurwa." Nimeyahesabu, maneno tisa. Nitakwenda Jumatatu.

Jumamosi, 30 Novemba

Mvua ya kwanza. Tumekimbizana kuokoa korosho zilizoanikwa, mimi nikisukuma turubai kwa viwiko. Bandeji zimelowa, nimezitoa. Dokta alisema kweli. Palipobanduka ni peupe, na baka la mkono wa kulia limepanda hadi juu ya kifundo, mahali ambapo palikuwa pazima maisha yangu yote. Nimefanya hivi mwenyewe, kwa unyoya wa kuku.

Jumatatu, 2 Desemba

Ukope: vidoti vimeungana, nusu ya baka imefunikwa. Wekundu bado upo mpaka usiku huu. Upendo kashangilia. Nimeshindwa kushangilia naye.

Jumamosi, 7 Desemba

Waali wameingia. Ngoma zilipita nyuma ya nyumba yangu. Nilikuwa jikoni, nikawasha redio.

Jumapili, 8 Desemba

Nilikuwa naanika korosho, mawingu yamefunguka kidogo. Mama Hamidu kaingia uani anahema, kanga moja kiunoni, nyingine haijulikani kaiacha wapi. Sikumwamkia.

"Mama Tahiri," kasema, "utaninunia baadaye. Sasa hivi nifuate."

"Nikufuate wapi? Mwenye mwali si wewe?"

"Mwali hataki kuvua sweta. Tangu jana. Kakaa pembeni kaukumbatia mkono wake analia, haogi, hali. Leo nikawatoa wenzake wote nikabaki naye, nikambembeleza mpaka kanionyesha." Kapunguza sauti, ingawa uani tulikuwa wawili. "Nimemfunika kanga yangu. Sijamwambia mtu isipokuwa nyakanga. Mama yake ndo kwanza kaitwa. Mtoto ana lako."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa, nikaiacha mikeka na kuku wakiwa juu yake.

Ya ndani ya nyumba ile ya unyago siyaandiki. Dokta, wewe ni mwanamume, na hata kama usingekuwa mwanamume. Nitaandika ya ngozi tu.

Mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, pale pale nilipomshika siku ya ndoo. Katikati kovu jeusi la kuungua, kubwa kama sarafu. Kulizunguka, weupe.

Shakila hakuniangalia. Kasema, "Lilianza Agosti. Lilikuwa kama punje ya mchele. Nikalipaka mafuta ya ganda lisionekane. Likaungua, kisha likakua. Nikapaka tena."

Kwa hiyo siku ya ndoo nilikishika kidonda. Hakunionea kinyaa. Nilimuumiza.

"Kwa nini hukuniambia mimi? Mimi mama yako mdogo, mwenye haya haya mwilini?"

"Nilikuuliza," kasema. "Tukitenga korosho. Ukaniambia nikamuulize mama."

Nimepata maumivu mawili makubwa msimu huu, na yale ya mafuta ni madogo.

"Ndo nikamwambia mama sitaki uwe somo wangu," kaendelea, sasa analia wazi. "Mama Hamidu angeona angedhani nimeungua tu. Wewe ungejua. Ungenitazama mara moja ukajua. Mama aliniuliza kwa nini, sikumwambia. Nilimwapisha asikwambie kama ni mimi."

Nikamnyooshea mikono yangu, yote miwili, na weupe wake mpya. "Tazama. Wewe una miaka kumi na mitatu. Mimi nina thelathini na minane, nina daktari, nina daftari, na nimefanya ujinga ule ule. Kwa unyoya wa kuku."

Kaniangalia. "Kwa unyoya?"

"Wewe ulipaka na nini?"

"Kijiti cha kiberiti."

Kacheka, kamasi zikamtoka, na mimi nikacheka. Mama Hamidu alikuwa mlangoni katupa mgongo, mabega yanamtikisika, sijui kwa kicheko au kilio. Mwezi wa kumi alipoitazama sana mikono yangu nilidhani ananichunguza. Kaniambia baadaye kwamba shangazi yake alikufa na mbalanga, kafichwa ndani miaka ishirini.

Nyakanga kasema, "Nficha uchi hazai, wajukuu zangu." Nikamwomba anirudishie mwali wangu. Kakataa. Aliyeingia na mwali ndiye anayetoka naye, hawezi kuvunja mila kwa machozi yangu. Nilianza kupandisha hasira, kanikatisha. "Lakini maji ya kuogea," kasema, "mila haikuandika nani ayabebe." Akatoka nje.

Nimemwogesha Shakila kwa mikono hii.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu nyingine. Mara hii nilijua.

Jioni Kurwa kaja. Hatukusalimiana. Kachukua ungo akaanza kupepeta korosho zangu. Nikamuuliza, "Ulinyamaza ili iwe nini? Nimekutukana mbele ya mji mzima."

"Ningekwambia ungemchukia mtoto. Mimi umenichukia tangu tumboni, nimezoea."

Nimempiga kofi la begani. Kisha nimemwomba radhi, vizuri, kwa kutaja kila neno nililosema mkekani. Mengine aliyasahau, nikamkumbusha, kakasirika upya. Nimerudi kwenye ukurasa wa mbele nikaandika jina lake tena juu ya mistari ile miwili. Halisomeki vizuri.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimekosa leza. Nabeba maji asubuhi na jioni. Korosho za mwisho zimelowa, chama cha msingi cha wakulima wamezirudisha tukaanike tena. Mahmudu hajasema neno, ila kajifunza kupika uji, vibaya.

Jumatano, 18 Desemba

Mvua. Maji. Mikono haiumi.

Jumamosi, 21 Desemba

Wametoka. Matope mpaka vifundoni, ngoma, miavuli, nguo mpya. Mama Hamidu kamshika Shakila mkono, Shakila kainamisha macho kama inavyotakiwa, na kanga mabegani zimelifunika lile la kufunikwa. Nilisimama na wengine nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Sitadanganya kwamba nilifurahi kabisa. Mkono uliomshika ulipaswa kuwa wangu, nimeungoja miaka kumi na mitatu, na nilikuwa nyuma ya watu wawili warefu. Kurwa alinishika kiuno. Mama mmoja nyuma yetu kasema, "Hivi yupi ndiye Mama Shakila?" Ni mara ya kwanza kwa miaka mitatu kukosewa. Tulikuwa tumempa mgongo, lakini nimeikubali.

Jumatatu, 23 Desemba

Tumeshuka Masasi sisi watatu, mimi, Kurwa na Shakila. Umeme ulikatika saa nne, ukarudi saa saba. Tumengoja benchini. Sikuyachukia majabali, nilikuwa na kazi ya kumjibu Shakila maswali yake yote, na safari hii nimeyajibu yote.

Dokta Bonifasi kalisoma daftari mbele yetu. Mahali fulani kacheka, mahali fulani kageukia dirishani. Kauangalia mkono wa Shakila, kapima baka kwa rula yake, kasema kovu limekwisha kupona na baka limegunduliwa mapema, na mkono juu ya kiwiko una vinyweleo vya kutosha. Hakuahidi kitu. Sasa nimejua kwamba huyu mtu akinyima ahadi anakuheshimu. Ataanza naye Alhamisi ya kwanza baada ya mwaka mpya.

Ukope wangu karibu umefunga. Mdomo nusu. Mikono, hapana. Kasema tutajaribu tena, labda mwaka mzima, labda isirudi. Nimekasirika, na nitakuja.

Kafungua droo ampe Shakila daftari jipya, hayapo, yameisha. Nikamwambia haina haja. Langu lina kurasa nyingi zimebaki, na mimi nimekwisha sema mengi. Nimempa na kalamu. Kachora mistari bila rula, kajaza mwenyewe, kainamia asione mtu, kisha kanirudishia nisome:

Jina: Shakila.
Sehemu: mkono wa kushoto, juu ya kiwiko.
Wekundu: bado.
Mtu wa karibu: somo wangu, Mama Tahiri.